Ushuru wa Kofia

Nyumba tunayokaa ni ya mamangu. Kwa watu wa mjini kwetu Amu, ambao wageni huuita Lamu, hilo halina ajabu. Binti akiolewa, mume ndiye anayehamia, na wazee wakijaaliwa humpa binti yao pa kukaa. Mimi nilipewa ghorofa ya juu, mamangu akabaki chini, na mume wangu akaja na sanduku la nguo, redio yake na tabia yake ya kuamka kabla ya adhana. Mamangu hakupata mtoto wa kiume. Tangu wiki ya kwanza alimwita mume wangu "mwanangu", na mume wangu akamwita "mama" kwa sauti ileile aliyomwitia mamake mzazi. Wakila pamoja, yeye ndiye aliyekuwa akimchambulia mamangu samaki, kwa sababu macho ya mamangu yamechoka na miba haioni.

Macho yalichoka kwa kofia. Mamangu anashona kofia za mkono, zile za viua, zenye vitundu vidogo vidogo vinavyotobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka kitambaa cheupe chote kiwe kama kimeandikwa. Kofia moja humchukua miezi. Anashona akiwa amekaa dakani, pale kwenye viti vya mawe mlangoni, kwa sababu ndani mwanga hautoshi, na anayepita humsalimia akajibiwa bila kuinuliwa uso. Babangu alipofariki nilikuwa bado shule. Kofia hizo ndizo zilizonisomesha mpaka nikawa mwalimu.

Mume wangu ana duka la nguo kwenye njia kuu ya mji. Huuza kanzu, vikoi, shuka, na kofia za mashine zinazokuja kwa kontena kutoka ng'ambo, zikapitia Mombasa, zikafika kwetu zimepangwa ndani ya maboksi kama sahani. Kwa mbali huwezi kuzitofautisha na za mamangu. Ukiishika mkononi ndipo unapojua. Lakini kijana anayetaka kofia ya kuendea Ijumaa hana haja ya kujua, anachotaka ni bei anayoimudu. Za mamangu mume wangu aliziweka ndani ya kabati la kioo karibu na mlango, na mnunuzi akianza kubishania bei alikuwa anafunga kabati taratibu na kumwambia, "Hizi si zako, Bwana. Zako ziko huku."

Nimeyaeleza haya ili ijulikane kwamba kabla ya habari za ushuru hatukuwa na ugomvi ndani ya nyumba ile. Kazi mbili hizo zilikuwa zikiumizana muda wote, lakini wenyewe walikuwa wamezoea, na hakuna aliyelitaja.

Habari zilikuja asubuhi, tukiwa kwenye chai. Mume wangu alikuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mji wetu, na wenzake wa Mombasa walikuwa na desturi ya kumpelekea taarifa kwa simu. Alisoma kimya, akarudia tena kusoma, kisha akasema, "Serikali inataka kupandisha ushuru wa forodha. Nguo zote zilizoshonwa tayari zinazotoka nje. Kanzu, mashati, kofia."

"Kofia pia?" mamangu akauliza.

"Pia, mama."

"Hizi za mashine?"

"Hizo hizo. Wanasema wanataka kazi za hapa nchini zikue."

Mamangu akaweka mahamri yake chini. "Alhamdulillahi," akasema. "Nti hii yeo imenikumbuka."

Kwamba nchi leo imemkumbuka, alisema kwa furaha ya wazi, kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa miongoni mwa wanaokwenda Hija. Hakumwangalia mume wangu. Mimi nilimwangalia. Alikuwa ameshika kikombe katikati ya safari ya kwenda mdomoni, na pale kikabaki, na niliona anafikiria maboksi yaliyokuwa njiani baharini, ambayo alikwishayaagiza. Mwishowe akanywa, akasema, "Tuombe heri," akaondoka kwenda dukani.

Wiki zilizofuata sebule yetu ya juu iligeuka kuwa ofisi. Wenye maduka walikuja baada ya sala ya alasiri, wakavua viatu kwenye ngazi, na ili wafike juu iliwabidi wapite dakani, mbele ya mamangu na sindano yake. "Shikamoo, Bi," wakamwambia mmoja mmoja. "Marahaba," akawajibu. Alidhani wanakuja kuzungumza mambo ya bei za mizigo, kama kawaida yao. Mimi niliyekuwa nikiwapelekea kahawa ndiye niliyejua wanazungumza namna ya kuuangusha ule ushuru.

Sikuwaona kuwa watu wabaya. Mmoja alisema akipandisha bei ya kanzu ya mtoto hakuna atakayeinunua, na ana watu watatu wanaomtegemea pale dukani. Mwingine akasema wenye maduka makubwa jijini watavumilia, sisi wa visiwani tunaolipia mzigo tena kuvushwa mpaka huku ndio tutakaofunga kwanza. Mambo hayo yalikuwa kweli. Ada ya shule ya watoto wetu ilitoka zaidi katika duka lile kuliko katika mshahara wangu, nami nikilijua hilo vizuri kila nilipoinua birika.

Halafu akaja mgeni kutoka jijini. Alitumwa na chama kikubwa cha wafanyabiashara, chama chenye mawakili na watu wanaojua kuzungumza na wabunge. Alishuka na ndege Manda, kisiwa cha jirani, asubuhi, akavushwa, na kufikia saa za kahawa alikuwa amekaa sebuleni kwetu, miguu amekunja vibaya kwa kutozoea kukaa chini. Alikuwa mpole, mwepesi wa kucheka. Aliwasikiliza wote, kisha akasema:

"Wazee wangu, mimi niwaambie ukweli. Kamati ya bunge itakuja hapa kusikiliza wananchi. Wakiona wenye maduka wamesimama kulalamikia ushuru, watasema hawa wanatetea matumbo yao. Tunahitaji mtu ambaye ushuru huu umetungwa kwa ajili yake, aseme hautaki. Fundi. Mtu wa kazi ya mkono."

Kisha macho yote yakamwelekea mume wangu, na ya mume wangu yakaenda kwenye ngazi, kule chini alikokaa mamangu.

Ni mimi niliyeuliza, nikiwa bado nimeshika sinia. "Na kwa nini fundi asiutake ushuru unaomlinda?"

Mgeni akanigeukia kwa adabu. "Swali zuri, mwalimu. Kwa sababu mswada huo huo unapandisha ushuru wa vitambaa na nyuzi pia. Kitambaa cha kofia kinatoka wapi? Nje. Uzi? Nje. Kwa hiyo fundi naye anaumia."

Hilo sikuwa nikilijua. Nilipolisikia, nafsi yangu ilitulia kidogo, nikiri hivyo, maana ilionekana kama kuna njia ya kila mtu ndani ya nyumba yetu kuwa upande mmoja.

Mume wangu alimweleza mamangu kesho yake, wameketi wawili dakani, mimi nikisikia kutoka ndani. Alimweleza vizuri, bila kumficha lolote. Alimwambia kofia za mashine zitapanda, na kitambaa chake na uzi wake vitapanda pia, na kwamba chama kinaomba yote mawili yaachwe kama yalivyo.

"Basi na waombe kitambaa kisipande," mamangu akasema, "na hizo kofia zipandishwe. Kuna taabu gani?"

"Nilimuuliza mgeni neno hilo hilo, mama. Anasema haiwezekani kutenganisha. Tukiomba nusu, hatupewi hata hiyo nusu."

"Nani kasema?"

"Ndivyo mambo ya bunge yalivyo, wanavyosema."

Mamangu akashona kidogo. "Na weye, mwanangu, wataka nikasimame niseme silitaki lote?"

"Nataka useme kile ulicho nacho, mama. Ila ukisema hivyo, utakuwa umetusaidia sana."

Mume wangu alipoondoka, mamangu aliniita. Aliniuliza mimi ninasemaje. Nikamwambia aseme lililo moyoni mwake. Akaniangalia kwa muda, akasema, "Hilo si jibu. Nimekuuliza weye," na akarudi kwenye kazi yake. Nilikuwa na majibu mawili na yote yalikuwa na watu ninaowapenda ndani yake. Sikulitoa hata moja.

Siku chache baadaye akaniomba nimpeleke Mbwajumali, kijiji kilicho kisiwa kingine. Huko ana shoga yake wa tangu ujana, ambaye kwa miaka mingi wamekuwa wakigawana kazi. Mamangu hutoboa na kushona pande, shoga yake huunganisha na kumalizia. Tulivuka Jumamosi moja kwa mashua ya abiria, tumebanana na magunia ya mchele na jiko jipya la mtu, tukafika jua likiwa kali. Wanawake kadhaa wanaoshona walikusanyika uani kwa shoga yake, wakaletewa madafu, na mamangu akawaeleza mambo yote, la ushuru wa kofia na la ushuru wa kitambaa.

Nadhani alikwenda akitarajia kuambiwa la kufanya. Badala yake kila mmoja alisema lake. Mmoja alisema kofia za mashine zikipanda bei, watu watarudi kwenye za mkono, na mabinti wanaokataa kujifunza watajifunza. Shoga yake akacheka. "Warudi wapi? Wanangu mimi mwenyewe hawavai nilizoshona. Wavaa za mashine. Hiyo nnayoshona n'takula nini nikiwapa wao bure? Zikipanda hizo, watakwenda msikitini kichwa wazi." Mwingine, mwenye ukali, akasema mamangu asidanganywe, mkwe wake anatafuta faida yake. Mamangu akamkatiza. "Mkwe wangu hajanidanganya. Kaniambia yote." Yule mwanamke akainua dafu lake, lakini hakuonekana kuridhika.

Tulirudi mimi na mamangu kwa mashua ileile. Tulipokaribia gati ndipo aliponiambia, kama anayeendeleza mazungumzo ambayo mimi sikuyasikia, "Mimi n'tasema yote mawili. Wao na wachague."

Kikao cha maoni ya umma kilifanywa katika ukumbi wa mjini. Mbele palipangwa meza yenye kitambaa cha rangi ya bendera, wajumbe wakakaa na chupa zao za maji, na pembeni msichana mmoja akiandika kwenye kompyuta. Ukumbi ulijaa wenye maduka. Mgeni wa jijini alikuwepo, amesimama nyuma pamoja na mpiga picha. Mume wangu alizungumza kwa niaba ya wafanyabiashara, akazungumza vizuri, kwa takwimu na kwa heshima, nami nilijivunia. Kisha akaitwa mamangu.

Alipewa kipaza sauti akakishika mbali, kama kitu cha moto. Alivaa buibui lake la kutokea na mkononi alikuwa na kofia ambayo haijaisha, sindano imechomekwa pembeni. Akaanza na bismillahi, akawasalimu wageni, halafu akasema, kwa Kiamu chake cha kila siku:

"Mimi ni mshona kofia. Nimeshona tangu sijaolewa. Kitambaa hiki na uzi huu havipatikani nti hii, twaletewa kutoka nje. Mkivipandisha bei mtatuua njaa. Ushuru huo siutaki."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wenye maduka walipiga makofi kwa nguvu zao zote, wengine wakasimama. Mamangu alisubiri. Hakuzoea kupigiwa makofi, alisimama ameinamisha kichwa mpaka yakapungua. Halafu akasema, kwa sauti ya chini zaidi maana kipaza sauti kilikuwa kimezidi kushuka, "Lakini hizi kofia za mashine, hizo pandishani. Hizo ndizo zilotutoa ndiani. Ndilo langu hilo. Assalamu alaikum."

Niliyasikia, kwamba kofia hizo ndizo zilizowatoa njiani, kwa sababu nilikuwa safu ya mbele. Mwenyekiti wa kikao akashukuru, akaita mwingine. Msichana wa kompyuta alikuwa bado anaandika. Nilimwona mume wangu akimshika mamangu mkono kumrudisha kitini, na akimwambia kitu, na mamangu akitabasamu. Siku ile tulirudi nyumbani sote tukiwa wepesi. Mamangu alikuwa amesema lake, mume wangu lake, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Nilipika wali wa nazi.

Video ilianza kuzunguka kwenye simu baada ya siku kadhaa. Chama kikubwa kiliitengeneza na kuiwekea muziki wa taratibu. Ilimwonyesha mamangu na kofia yake mkononi, akisema yeye ni mshona kofia, akisema mtatuua njaa, akisema ushuru huo siutaki. Makofi. Chini yake maandishi makubwa yakisema mafundi wa Lamu wanaukataa ushuru. Ikaishia hapo kwenye makofi.

Niliipata kwenye kundi la simu la familia. Aliyeiweka ni mume wangu.

Mamangu hana simu ya kuonyesha picha, kwa hiyo aliijua habari hiyo kwa midomo ya watu. Ilikuwa harusini, upande wa wanawake. Yule mwanamke mkali wa Mbwajumali alikuwa amekuja mjini kwa harusi hiyo, na mbele ya watu akamwambia, "Bi, kumbe ulikuja kutuuliza na neno lako ukishalipanga! Umetuuza, nasi tulikupa madafu." Wengine wakainama kwenye sahani zao. Mamangu alinifuata pale nilipokuwa nagawa biriani, akanishika mkono, tukaenda nyumbani kabla bibi harusi hajatoka.

"Nionyesha," akaniambia tulipofika.

Nikamwonyesha. Aliitazama akiwa ameisogeza simu karibu kabisa na uso. Ilipoisha akangoja, akidhani kuna zaidi.

"Yako wapi mengine?"

"Yamekatwa, mama."

"Nani kayakata?"

"Watu wa jijini, nadhani. Sijui."

"Na weye, kakuletea nani?"

Nikaiangalia simu mkononi mwake. Alinirudishia simu, akaenda kutawadha.

Siku ya pili mume wangu alirudi kula mchana. Mamangu alikuwa amekaa mahali pake penye mkeka, na chakula kimeandaliwa, na samaki mzima hajaguswa. Mume wangu akaketi, akanyoosha mkono kumchambulia kama kawaida. Mamangu akasema, "Ngoja, Bwana."

Hakuwahi kumwita hivyo. Wapo wanaowaita wakwe zao hivyo maisha yote na ni heshima tu, lakini ndani ya nyumba yetu neno lile lilikuwa geni, na mume wangu aliurudisha mkono.

"Kwenye hiyo simu, ni maneno yangu?"

"Ni yako, mama."

"Yote?"

Akajifuta vidole. Kisha akasema, "Si mimi niliyeyakata, mama. Wallahi. Nililetewa hivyo hivyo."

"Sikukuuliza hilo. Ulikuwapo ukumbini. Uliyasikia nilosema. Nakuuliza, ulipoyaona yamekatwa, ukayapeleka kwa watu?"

Mume wangu si mwongo, na pengine ingekuwa rahisi kwetu sote kama angekuwa. "Niliyaona," akasema. "Nikayapeleka. Nilifikiri, mama, nilifikiri duka likifungwa ni sisi sote. Ni watoto hawa. Ni matengenezo ya paa hili juu yako pia."

"Ungaliniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo," mamangu akasema. "Ningalikataa."

Akainuka bila kula. Sisi wawili tukabaki na chakula. Nilitaka kumgombeza na nilitaka kumtetea, na nikaishia kufunika sahani.

Kesho yake asubuhi mamangu alivaa, akaenda njia kuu peke yake. Nimesimuliwa na mume wangu mwenyewe. Mamangu aliingia dukani, akawasalimu wateja waliokuwamo, akawauliza hali za watoto wao, akafungua kabati la kioo, akatoa kofia zake moja moja, akazifunga ndani ya leso. Mume wangu alisimama kando akimwangalia. Mteja mmoja akauliza bei ya ile ya juu. "Haziuzwi," mamangu akamwambia, na akawaaga wote kwa jumla, mume wangu akiwemo.

Mswada ulipopita, tulipata habari zake kwa njia ileile ya simu. Nyongeza ya ushuru wa nguo zilizoshonwa tayari imeondolewa, ushuru ubaki kama zamani. Simu ya mume wangu haikutulia, wenye maduka wakimpongeza. Alikuwa akisoma huku anatembea chumbani, halafu akasimama. Alisoma tena. Kisha akampigia mgeni wa jijini, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa inatafuta miwani, akaweka sauti ya wazi.

"Bwana mwenyekiti!" mgeni akasema. "Tumeshinda!"

"Na kitambaa? Hapa naona kitambaa na nyuzi vimepandishwa vilevile."

"Aah, hilo. Wale wenye viwanda vya vitambaa nao walikuwa na watu wao bungeni. Ilibidi tuachiane. Sisi tuchukue nguo, wao wachukue kitambaa."

"Lakini ulituambia haviwezi kutenganishwa."

"Mwenyekiti, mambo ya mazungumzo hubadilika."

"Yalibadilika lini?"

"Usijali sana kuhusu kitambaa," mgeni akasema. "Wewe huuzi kitambaa."

Mume wangu akakata simu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miwani mkononi, na sijawahi kumwona mtu aliyeshinda akiwa na sura kama ile. Kile mamangu alichoomba siku ile pale dakani, kwamba kimoja kipande na kimoja kisipande, kumbe kiliwezekana. Kiliwezekana kinyume chake. Kofia za mashine zitaendelea kuingia kwa bei ileile, na yeye, akitaka kushona ya mkono, atanunua kitambaa na uzi kwa bei mpya. Na uso uliotumika kulifanikisha hilo ulikuwa wake.

Nilidhani ataniomba mimi niende kumwambia. Hakuniomba. Alishuka mwenyewe. Mamangu alikuwa anachagua mchele. Alimweleza yote akiwa amesimama, mpaka mwisho, hata yale ya kuachiana. Mamangu aliendelea kutoa mawe madogo kwenye ungo. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Haya."

Mume wangu aliacha uenyekiti baada ya hapo. Wenzake hawakuelewa, walimwona kama mtu anayetupa taji. Akaagiza jora zima la kitambaa cheupe, kile kizuri ambacho mamangu hukipenda, akalibeba mwenyewe kutoka gatini na kuliweka mlangoni kwa mamangu. Lilikaa pale. Tulikuwa tukilipita kila siku tukienda na kurudi. Mvua zilipoanza nililiingiza stoo nisije nikaliona likiota ukungu, na stoo ndimo lilimo.

Shoga yake wa Mbwajumali ameacha kushona, sasa analima ufuta shambani pamoja na wanawe. Mamangu anashona bado, lakini kidogo, kwa mabaki ya kitambaa cha zamani, na siku nyingine huishika kazi mkononi asubuhi nzima na sindano isisogee. Namuuliza kama macho yanamsumbua, anasema ndiyo. Salamu zake na mume wangu hazijakatika. Huulizana hali, hula mkeka mmoja. Mkono wa kumchambulia samaki siku hizi ni wangu.

Hivi karibuni tulipata mgeni mwingine. Dada mmoja kijana, amejifunga mtandio vizuri, wa shirika linalotetea viwanda na kazi za hapa nchini. Kumbe upande wa pili nao una vyama vyake. Aliketi dakani na mamangu, akasema wanataka pendekezo la kupandisha ushuru wa nguo za nje lirudishwe katika bajeti ijayo, na wameiona ile video, na wanajua mamangu alitumiwa, na wanataka wampe nafasi ya kujisafisha.

"Nisemeje?" mamangu akauliza.

"Useme ukweli wako, Bi. Kwamba kofia za nje zinaua kazi ya mikono."

"Na kitambaa?"

Dada akasita. Alikuwa mkweli wa uso, namhurumia. "Kitambaa tungeliacha kwanza, Bi. Baadhi ya wanaotuunga mkono ni wenye viwanda hivyo. Tukilitia hilo, ujumbe utawachanganya watu."

Mamangu alicheka. Miezi mingi sikuwa nimemsikia akicheka, na kicheko kile hakikunifurahisha. "Kunywa kahawa yako, mwanangu," akamwambia, "isije ikapoa." Hakusema ndiyo, hakusema la, na dada alipomaliza kahawa ndiye mwenyewe aliyeona afadhali aage.

Mchana ule mamangu alimsimulia mume wangu habari hizo, yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu. Mume wangu alisikiliza ameinama. Kisha akasema, "Mama, mkubalie. Ushuru huo ukirudi utanipata mimi kwanza, najua. Lakini mkubalie. Sema."

"Wataka nikaseme ili jeraha lako lipone, au langu?" mamangu akamuuliza.

Mamangu hakumgombeza. Alisema amechoka, akaomba apewe mto, akajinyoosha palepale mkekani na uso wake umeelekea ukutani. Mume wangu alibaki ameketi mpaka wakati wa kufungua duka ukampita. Mimi nilikuwa na madaftari ya watoto wa shule ya kusahihisha, nikayafungua, na nikasoma ukurasa mmoja mara kadhaa nisijue mtoto yule ameandika nini.